Karafuu Mezani: Miezi 10 na Mbwa Mwoga

Siku ya kwanza kumpandisha mbwa wangu Karafuu kwenye meza ya jaji wa maonyesho ya mbwa alikuwa na miezi 7, na mimi nilikuwa mtu mzima wa kutosha kujua kwamba hatukuwa tayari. Jaji, mama mpole aliyevaa koti refu, alikuja kwa mbele, akainama, akanyoosha mkono. Karafuu akanywea. Hakubweka wala hakujaribu kukimbia. Alijikunja tu mpaka tumbo likagusa meza, mkia ukaingia katikati ya miguu, macho yakageukia pembeni hadi weupe ukaonekana. Jaji aliurudisha mkono wake taratibu. "Sitamlazimisha," alisema. "Mrudishe nyumbani, mpe muda." Tukatolewa ulingoni bila kupangiwa nafasi yoyote. Njia nzima ya kurudi alihema ndani ya gari, na chakula hakukigusa mpaka kesho yake jioni.

Naandika haya kwa sababu nilipokuwa natafuta msaada nilikuta maelekezo tele ya namna ya kumpanga mbwa miguu ili asimame vizuri mbele ya jaji, na machache mno kwa mwenye mbwa ambaye miguu yake haina tatizo lolote.

Karafuu ni Shetland Sheepdog, wa rangi ya kahawia iliyokolea, na jina lake limetoka hapo. Asili yao ni visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, ambako walifugwa kulinda na kuchunga mifugo. Ni wepesi wa kusikia na wepesi wa kushtuka. Viwango vya Uingereza vinamruhusu mbwa wa aina hii kujitenga kidogo na wageni, lakini vinasema wazi kwamba asiwe mwoga. Kimo cha jike kinachotakiwa ni kama sentimita 35.5 mabegani, kwa hiyo hukaguliwa juu ya meza, tofauti na mbwa wakubwa ambao jaji huwakagua wakiwa wamesimama chini. Sikuwahi kulitafakari hilo la meza. Mbwa mwoga aliye chini ana uwezo wa kurudi nyuma hatua mbili akapumua. Aliye mezani hana pa kwenda.

Nilimchukua akiwa na miezi 4, tayari ameshapitwa na kipindi ambacho ubongo wa mtoto wa mbwa huupokea ulimwengu kwa urahisi, yaani tangu wiki ya 3 hivi hadi ya 12 au 14. Aliyemlea alikuwa mtu mwema, ila aliishi mbali na watu, na Karafuu alikuwa hajaona mengi zaidi ya ua na mama yake. Kipindi hicho kikipita mbwa bado anaweza kujifunza kuzoea watu, lakini utalipa kwa miezi kile ambacho mwenzako alilipa kwa siku.

Mimi nilitaka kulipa kwa siku.

Baada ya aibu ya kwanza niliushika ushauri unaotolewa kila kona: mpeleke akashikwe na watu wengi. Nikampeleka. Jumamosi moja aliguswa na watu kama 20, nami nikawa nawahesabu kama mtu anayekusanya saini. Kufikia wa kumi na mbili aliacha kujivuta nyuma. Nikafurahi, nikasema amezoea. Kumbe alikuwa ameganda: mdomo umefungwa, mwili mgumu, na ini la kuchemsha analolipenda kupita kiasi limewekwa mbele yake na halitazami. Kwa mbali, mbwa aliyeganda na mbwa aliyetulia wanafanana sana. Ukitaka kuwatofautisha, mpe kitu anachokipenda na uangalie kama anakila, tena anakila vipi. Siku mbili baadaye alianza kumkwepa hata jirani aliyekuwa rafiki yake.

Nikabadili mbinu, nikawapa wageni ini wamlishe wenyewe. Hili nalo linaonekana kama busara. Lakini mbwa anayekitaka chakula huku akimwogopa mtoaji hunyoosha shingo kama twiga, miguu ya nyuma ikiwa tayari kukimbia, ananyakua, halafu anapoinua macho anajikuta yuko karibu mno na yule anayemwogopa. Kila kipande kilimvuta kwenye mtego.

Kosa lililonigharimu kuliko yote lilikuwa dogo kiasi kwamba sikuliona kwa wiki kadhaa. Nilikuwa namwekea ini puani kwanza, ndipo mtu anyooshe mkono. Nilidhani namsahaulisha. Matokeo yake ini likageuka kuwa habari mbaya. Nikiingiza tu mkono mfukoni, Karafuu anageuka kuangalia nyuma yake nani anakuja. Mbwa wa Pavlov, yule mwanasayansi wa Urusi, walidondokwa mate kwa sababu ishara ilitangulia na chakula kikafuata. Mimi nilikuwa nimeipindua: chakula kilitangulia, na hofu ikafuata. Kama utachukua jambo moja tu kutoka kwenye simulizi hii, chukua hili: mkono uje kwanza, chakula kifuate, mkono ukiondoka, chakula kikome. Na chakula kitoke kwako, si kwa mgeni.

Maonyesho ya pili, akiwa na miezi 10, yalikuwa mabaya kuliko ya kwanza. Jaji alipotaka kumwangalia meno, Karafuu alinguruma. Ilikuwa sauti ndogo, lakini wote tuliisikia. Nilimkaripia palepale, uso ukiniwaka kwa aibu. Tulitolewa tena, na safari hii sikulaumu muda wala meza, nilimlaumu yeye.

Nyuma ya ulingo alinifuata mama mmoja mtu mzima, mwenye mbwa wawili wa aina nyingine kabisa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema bila kuzunguka: "Mwanangu, mlio ule usiukaripie tena. Anakupa taarifa. Ukimfundisha kunyamaza, ipo siku atauma bila taarifa, na mbwa anayeuma hana nafasi ulingoni." Halafu akanionyesha simu yake. Alikuwa ameturekodi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumtazama Karafuu, yeye akaniambia nijitazame mwenyewe. Jaji akiwa bado hatua tano kutoka mezani, naonekana nimekaza mabega, nimeziba pumzi, na mkono wangu umeivuta kamba juu mpaka imembana chini ya taya. Karafuu alikuwa bado hajamwona jaji. Aliyemwambia kwamba kuna hatari ni mimi, kupitia kamba.

Baadaye nilikuja kusoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, uliotolewa mwaka 2019. Walipima homoni ya msongo katika manyoya ya mbwa 58 na katika nywele za wenye mbwa hao, na wakakuta kwamba viwango vya mbwa na vya mwenyewe vinafuatana kwa muda mrefu. Mbwa waliopimwa walikuwa Border Collie na, kwa bahati yangu mbaya, Shetland Sheepdog. Sikuhitaji kupimwa nywele. Video ilitosha.

Yule mama ndiye aliyeniuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza siku ya kwanza: "Meno yake ameshaangaliwa na daktari?" Nikasema ana meno mazuri, naona mwenyewe. Hata hivyo nikampeleka. Meno ya utoto kwa kawaida huwa yameng'oka yote mbwa akifika miezi 6 au 7. La Karafuu moja, jino la chonge la juu, lilikuwa halijang'oka. Lilibanana na lile la ukubwani, na fizi ilikuwa imevimba. Kila mara mtu aliponyanyua mdomo wake ili aone meno, alikuwa anambonyeza kidonda. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, wanasema. Huyu wangu alikuwa anaumwa kila siku, nami namshangaa kwa nini hauzoei unyasi. Daktari alilitoa, na kwa karibu wiki tatu hakuna aliyemgusa mdomo, mimi nikiwemo. Nilijisikia vibaya sana, na bado nikikumbuka najisikia vibaya.

Kwa hiyo kabla ya mafunzo yoyote, daktari kwanza. Meno, masikio, viungo vya nyuma, na hata kucha. Kucha ndefu kwenye meza inayoteleza zinamfanya mbwa asimame kama mtu aliyevaa viatu visivyomtosha.

Nilisimamisha maonyesho yote kwa nusu mwaka. Ada za ushiriki nilizokuwa nimelipa mapema zilipotea, maana ukijitoa baada ya tarehe ya mwisho hurudishiwi. Ziliniuma, ila afadhali hizo. Ada ambayo sikuweza kuivumilia ilikuwa ya kuona picha za wenzangu wakiwa na vitambaa vyao vya ushindi wakati mimi niko uani na mbwa na godoro la mpira.

Godoro hilo lina hadithi yake. Ni kipande cha mpira mzito kinachokaa juu ya meza ili miguu isiteleze. Nilianza nacho sakafuni, meza ikiwa imekunjwa kabatini. Karafuu akikanyaga mpira, ini linatokea. Akishuka, sawa, hakuna anayemzuia. Baada ya siku chache alikuwa anaukimbilia mwenyewe. Ndipo nikauweka juu ya kiboksi kifupi, kisha meza yenyewe. Mpira huohuo nilikwenda nao kila mahali, hadi siku ya maonyesho, na kwake ukawa kama kipande cha nyumbani.

Juu ya mpira nilimfundisha jambo lililobadilisha kila kitu: kuweka kidevu kwenye kiganja changu. Kidevu kikiwa kiganjani, maana yake yuko tayari. Akikiinua, kila kitu kinasimama, mkono wowote unaomgusa unaondoka, na hakuna anayemkasirikia. Wiki ya kwanza alikiinua kila baada ya sekunde moja. Mke wangu alikuwa ananisaidia kama jaji wa mazoezi, na alichoka: "Huyu anatuchezea." Huenda alikuwa anatuchezea kweli. Lakini kadiri alivyogundua kwamba neno lake linasikika, ndivyo alivyopunguza kulisema. Kufikia wiki ya nne mke wangu aliweza kupapasa mabega, mgongo, hadi mkia, na kidevu kikabaki palepale kizito kama jiwe. Mbwa aliyekuwa akishikiliwa asishuke alipambana ashuke. Mbwa aliyeruhusiwa kushuka alibaki.

Wageni waliingia baada ya hapo, mmoja mmoja, na kwa umbali ambao yeye aliuchagua. Mtu anasimama mita 5 kando, Karafuu anamwangalia, anapata ini, mtu anaondoka. Basi, kwa siku hiyo inatosha. Siku nyingine mita 4. Kuja kwa upande kulikuwa rahisi kwake kuliko kuja kwa mbele, na kugusa bega kulikuwa rahisi kuliko mkono unaopita juu ya kichwa. Jaji wa kweli huja kwa mbele, kwa hiyo hilo tuliliacha la mwisho. Tulifanya mazoezi na kofia, miwani, koti la mvua linalochakarisha, manukato makali, na zaidi ya yote tai. Tai ikining'inia juu ya pua ya mbwa mdogo wakati jaji ameinama ni tishio ambalo mtu aliyesimama wima halioni. Mikufu na kadi za shingoni ni vilevile.

Muda wa mazoezi haukuzidi dakika tano. Nilikuwa na daftari, na nilichoandika humo hakikuwa tu kama amefanikiwa au la, ila alama ndogondogo: amelamba midomo, amepiga miayo, amejikung'uta kama aliyetoka majini, masikio yamelala. Alama mbili katika zoezi moja zilinitosha kurudi hatua moja nyuma. Bila daftari ningejidanganya, maana siku ambayo wewe una hamu ndiyo siku unayoona mbwa wako yuko vizuri.

Na kusimama kwenyewe? Kulikuwa rahisi. Nilimfundisha mbali kabisa na watu na meza, na hivi viwili sikuvichanganya mpaka kila kimoja kilipokomaa peke yake. Shetland Sheepdog anapendeza akisimama mwenyewe bila kushikwashikwa, kwa hiyo sikumpanga miguu kwa mikono. Nilimwelekeza kidogo kwa mwili wangu: nikisogea mbele nusu hatua naye anarudi nusu hatua, na miguu ya nyuma inajipanga. Ikitua sawa, nasema "Safi!" na ini linafika kwenye kimo cha pua, si juu, maana likiwa juu anakaa. Muda niliuongeza kwa kuruka: sekunde 3, 7, 2, 10, 4. Ukiongeza kila mara bila kupunguza, mbwa anaona kazi inazidi kuwa ngumu tu na anaanza kubuni sababu za kuondoka. Mchakamchaka wa kwenda na kurudi mbele ya jaji aliujua tangu mwanzo. Shida yake haikuwahi kuwa mwendo.

Karibu na miezi 14 tulianza kwenda kwenye mazoezi ya pamoja, mbwa kama kumi wamepangwa mstari. Wiki ya tatu kiti cha kukunja kikaanguka nyuma yetu. Karafuu akaruka kutoka mezani, na kwa wiki mbili zilizofuata hakutaka kuukanyaga mpira nje ya nyumba. Nilitaka kuacha. Kuna mwenzangu aliyenishauri kidonge cha kumtuliza kabla ya ulingo, "kidogo tu." Nilikataa. Dawa za kubadili hali ya mbwa ulingoni kwa kawaida zimekatazwa, na hata zisingekatazwa, mbwa aliyelewa hajifunzi kwamba mkono wa mgeni hauumi. Tukarudi sakafuni, kiti kikaanza kuangushwa kwenye chumba cha mbali, kwa mtoto wangu aliyefurahia sana kazi hiyo, na kila mshindo ukaleta ini. Makofi niliyacheza kwenye simu, sauti chini kiasi kwamba mimi mwenyewe nilitega sikio.

Kuna swali lililonisumbua usiku na sitalificha. Maonyesho haya kwa asili yalikusudiwa kuchagua mbwa wa kuzalisha, na woga kwa sehemu hurithiwa. Kumfundisha Karafuu asimame vizuri, je, sikuwa namficha jaji jambo analotakiwa kulijua? Nimefikia uamuzi wangu: nitamwonyesha, lakini sitamzalisha, hata akishinda. Kuna watu katika mchezo huu wamenicheka kwa hilo. Wacheke. Na ningefika mwaka mzima bila kumwona akikimbilia mpira kwa hiari yake, ningemwacha abaki mbwa wa nyumbani, na asingepungukiwa chochote.

Tulirudi ulingoni akiwa na miezi 17, kwenye maonyesho madogo. Tulifika mapema, tukakaa mbali kando ya gari, akaangalia, akala, tukarudi garini. Mimi nilikuwa nimejifunza kitu cha kijinga kinachofanya kazi: kuimba kimoyomoyo. Ukiimba huwezi kuziba pumzi. Kamba niliishika kwa vidole viwili tu, ili hata nikitaka kuivuta nisiweze.

Mbele ya meza nilimwambia jaji, baba mmoja mwenye ndevu na, naam, tai, kwamba ningependa kumwonyesha meno mwenyewe. Akakubali bila neno. Wengi hukubali, sikuwa nimewahi kuuliza. Akaja kwa mbele. Karafuu alilamba midomo mara moja. Kisha, bila mimi kumwomba, akatafuta kiganja changu, akaweka kidevu. Mkono wa jaji ukatua begani, ukapita mgongoni, ukafika mkiani. Mkia ulikuwa chini, umelegea, mahali pake pa kawaida. Jaji alipoondoa mkono nikatoa ini, na nikagundua nilikuwa naimba kwa sauti.

Tulikuwa wa tatu kati ya wanne. Sikusubiri mashindano mengine wala kupiga picha. Niliubeba mpira wake tukaenda moja kwa moja kwenye gari. Alimaliza bakuli lote la chakula pale kwenye maegesho, na kabla sijawasha injini alikuwa anakoroma.